Upepo Uitwao Bora

Sanduku lilifika Trieste. Baiskeli haikufika.
Nilipewa karatasi nijaze: rangi, uzito, thamani.
Nyekundu, niliandika. Kilo nane na nusu.
Pa thamani nikapaacha wazi.

Mwenye nyumba niliyopanga, Nevia Furlan,
fundi wa meno mstaafu, hakunipa pole.
Alishuka stoo, nikamsikia akigombana na kitu,
akapanda na baiskeli ya chuma, nzito kama deni.
"Ya kaka yangu Livio. Tangu Februari haina kazi.
Breki ya nyuma imekufa, ya mbele ina hasira.
Usiiguse ukiwa unaogopa."
Kwenye usukani ulibaki utepe alioufunga mwenyewe,
umebonyea kwa vidole
visivyo vyangu.

Miaka mitatu nimeogelea bwawani
nikihesabu vigae, kwenda na kurudi,
hadi nikaujua ufa wa kila kimoja.
Mbio nazijua. Baiskeli ni miguu tu na ukaidi.
Nilikuja kwa ajili ya mita elfu moja na mia tano
za maji yasiyo na sakafu.

Usiku wa kuamkia mashindano, madirisha yalianza kutetemeka.
"Nini hiyo?"
"Bora," alisema Nevia, akifunga mbao za dirisha.
Nikacheka peke yangu. Kwetu bora ni sifa:
unga bora, mbegu bora, mgombea bora.
Hapa bora hushuka mlimani bila kubisha hodi,
hung'oa mabango, hulaza pikipiki safu nzima kama dhumna,
humfanya mtu mzima akumbatie nguzo ya taa
na asione haya.

Alfajiri maboya yalikuwa yamekwenda zao.
Mwamuzi alipanda juu ya kreti, akapaza sauti,
upepo ukamnyang'anya nusu ya maneno.
Nusu iliyobaki ilitosha: hakuna kuogelea.
Watu mia tatu ndani ya mpira mweusi
wakaanza kujimenya, kimya.
Bora uhai, nikajisemea.
Sikujisadiki.

Kupanda kuelekea Opicina, kila kibao kina majina mawili,
la Kiitalia na la Kislovenia,
nami nilitukana kwa lugha ya tatu.
Vijana walinipita juu ya kaboni
wakipepesuka kama karatasi.
Chuma cha Livio hakikupepesuka.
Kilinung'unika, kikapanda.
Kwenye kona ya pili, mwanamke mwenye koti la njano
alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko:
"Kaza, Livio! Kaza!"
Mimi hakunitazama hata kidogo.
Nikakaza. Ningefanyaje?

Nilimaliza wa mia mbili na kumi na mbili.
Medali ilikuwa nyepesi, ndizi ilikuwa mbichi.
Jioni walinipigia simu: baiskeli yangu imeonekana Lisbon,
je, niliijaza ile sehemu ya thamani?

Kesho yake upepo ulikuwa umekwisha,
bahari imetandikwa kama kitanda cha hoteli.
Nevia alinipeleka kwenye ufukwe wenye ukuta:
wanaume huku, wanawake kule, tangu zama za bibi yake.
Unalipa senti zako mlangoni, kila mtu na upande wake.
Ukuta huo mweupe huingia majini kidogo,
halafu unachoka.
Nikaufuata hadi ulipoishia, nikapita.
Chini yangu palikuwa na kijani, kisha buluu,
kisha sikuangalia tena.

Nilimkuta ng'ambo, anaelea wima,
miwani ya jua usoni, nywele kavu kabisa,
akiwasimulia wenzake wawili habari za nyonga ya jirani.
"Umemaliza?"
"Bado mita mia tisa."
"Basi umesimama hapa kunitazama nini?"

Akageuka, akaendelea na nyonga.
Nikavuta pumzi, nikaelekeza uso kule kusikokuwa na kitu.
Dawa ya deni.