Panda Gari

Gari ni la shule ya chekechea, tumelikodi wakati wa likizo.
Ubavuni bata watatu wa njano wamevaa kofia.
Viti ni vya watoto, magoti yanagusa kidevu,
na washairi watano wazima
tunaonekana kama waliorudishwa darasa la kwanza
kwa kosa ambalo hakuna anayelikumbuka.

Kila alfajiri Okiror hupiga honi mara mbili,
hugonga bati kwa kiganja, hupaza:
Panda gari! Panda gari!
Tunatoka gesti na miswaki mdomoni,
Nabwire na beseni la nguo zisizokauka,
Mangeni akihesabu vitabu upya
kana kwamba usiku vimezaana.

Tororo walikuja watu tisa,
wawili wakisubiri mkutano wa chama cha akiba uliotufuata.
Mbale umeme ulikatika kwenye ubeti wa tatu;
niliumalizia gizani, kwa kichwa,
na nilipokosea hakuna aliyeniona nikikosea.
Kumi (ni mji, siyo hesabu) tuliuza kitabu kimoja,
tena kwa mkopo, kwa mwalimu aliyeahidi kulipa viazi.
Akalipa. Nusu gunia linatusindikiza hadi leo,
linanuka udongo chini ya miguu yetu.

Maisha haya nilishindwa kumweleza mama.
Yeye Kiswahili alikipata Busia, mpakani, akiuza vitunguu;
kwake kila neno lilikuwa na bei na chenji.
Unasoma, halafu?
Halafu wanapiga makofi, Mama.
Halafu?
Halafu tunapanda gari.

Lira. Ukumbi wa parokia, mabenchi, popo darini.
Nikasoma shairi la vitunguu. Walicheka panapochekwa.
Kisha Min Ogwang, safu ya nyuma,
akainua mkono kama anayesimamisha baiskeli.
Alisema kwa Kilango. Atim akatafsiri polepole,
akiyatua maneno mezani kama mayai:

Anasema ameyapenda.
Anasema hakujua lugha hii ina vitunguu.
Yeye anajua maneno yake mawili tu,
na leo asubuhi ameyasikia tena nje ya gesti
akipita na jerikani ya maji.
Ikamponyoka.
Siku ile aliyeyasema alikuwa na bunduki.
Kaka yake alitoka ndani na shati
alilolifunga vifungo kombo, kwa haraka.
Akapanda.
Anauliza: humo vitabuni mwenu
kuna neno la kushuka?

Lipo, nilitaka kujibu. Kamusi inalo,
pamoja na mfano wa sentensi.
Nilifungua kinywa, kikatoka kikohozi.
Popo mmoja alizunguka taa, akarudi kwake.
Mangeni, ambaye hanyamazi hata akiwa usingizini,
alikuwa anatazama viatu vyake.

Usiku hatukuhesabu mauzo.
Dirishani nilimwona Okiror kwa mwanga wa simu,
kachuchumaa, anawasugua bata kwa kitambaa,
mmoja baada ya mwingine, hata kofia zao.
Wakati huo yeye alikuwa hajazaliwa.
Hilo halikumzuia kusugua.

Alfajiri honi haikulia.
Aligonga mlango kwa mlango, kwa fundo la kidole,
akafungua gari, akasimama kando.

Nje kidogo ya mji, njia ya Gulu,
tulimkuta kando ya barabara na jerikani mpya.
Okiror akapunguza mwendo. Akasimama.
Hakusema kitu, na hakuna kati yetu,
watu wa maneno, aliyesema.
Min Ogwang aliwatazama bata kwa muda mrefu.
Aliingia mwenyewe, akakaa kiti cha mtoto,
jerikani magotini.

Kwenye kisima, kilomita mbili mbele,
akagonga bati kwa kiganja.
Gari likasimama.
Nabwire akampa viazi vitatu; akachagua viwili,
kimoja akakirudisha, kilikuwa na jicho lililooza.
Akashuka.