Daftari la Mvua

Mimi ndiye mweka hazina wa kijito.
Kila nikikiandika cheo hicho, nacheka.
Kijito chenyewe hakina mfuko:
kinashuka Cwm Hafesp kwa pupa,
kinaruka mawe ya machimbo yaliyofungwa,
kinapita nyuma ya nyumba ya marehemu baba
na kwenda zake, miaka na miaka,
bila kumlipa mtu.

Halafu tukakitilia bomba.

Watu mia moja na sita tulinunua hisa.
Gwenllian alileta fedha ya kondoo wanne.
Ifor alileta akiba ya jiwe la kaburi lake:
"Nitalala bila jina," alisema, "lakini taa iwake."
Mhandisi kutoka mjini akalitazama daftari langu,
akauliza mwekezaji mkuu ni nani.
Nikamwonyesha dirisha.
Ilikuwa inanyesha.

Babu zetu waliupasua mlima huu kuwa vigae.
Vigae vikaenda kuezeka miji ya watu,
faida ikaondoka kwa treni ile ile,
behewa la daraja la kwanza,
sisi tukabaki na vumbi kifuani.
Ndiyo maana mkutano wetu wa kwanza wa gawio
ulikuwa mrefu kama matanga.

Pauni elfu kumi na moja, mia nne na tisini.
Nilizisoma mara mbili ukumbini mwa kanisa,
birika likichemka pembeni.
Kimya. Kisha kila mtu akawa na tundu lake la kuziba:
paa la kanisa linavuja,
duka limefungwa,
watoto wadogo hawana mwalimu,
na Mostyn Parri akataka goli jipya, lenye nyavu,
maana hili la sasa hata kondoo wanapita.

Emrys hakusema kitu.
Alikaa karibu na mlango, koti limefungwa hadi kidevuni,
mkono wa kushoto, ule wenye mshipa uliovimba kama kamba,
ameuficha mfukoni.
Mara tatu kwa wiki husafishwa damu
hospitali, maili thelathini,
na basi la kampuni lilikufa mwezi Machi.
Mkewe humpeleka kwa gari la kuazima.
Siku wakilikosa, hukaa jikoni
akihesabu vikombe vya chai asivyoruhusiwa kunywa.

Hakuna aliyemtaja jina.
Ila Mostyn aliinuka tena, akakohoa:
"Goli lingoje. Kondoo hawajashinda mechi bado."

Tukanunua basi.
La mtumba, viti kumi na sita, rangi ya haradali,
mlango wake hulalamika kila ukifunguliwa.
Nerys hulipwa kila Ijumaa kuliendesha.
Emrys hukaa nyuma ya dereva
na kumsahihisha kwenye kila kona.

Sisemi kwamba tumefika.
Kiangazi cha mwaka juzi kijito kilikonda
kikawa uzi, kisha mate,
mtambo ukanyamaza siku arobaini na moja,
nami nikakesha na kalamu
nikimpunguzia Nerys saa moja moja,
msichana niliyemfundisha mwenyewe kutoa na kujumlisha.
Alisaini bila kunitazama.
Na paa la kanisa bado linavuja. Tumeweka ndoo.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
kwa hiyo naandika hata ndoo.

Zamani mvua ikianza tulilaani, tukavuta mapazia.
Usiku wa jana ilishuka kwa kishindo
nikamsikia jirani, ng'ambo ya ukuta,
akimwambia mtoto aliyeamka akilia:
"Lala. Hilo ni basi la Emrys, linajazwa mafuta."

Asubuhi nilipanda hadi kwenye bomba kupima.
Sentimita nne na nusu.
Nikarudi kupitia kanisani.
Ndoo nayo ilikuwa imejaa.