Bu

Mgodini Malhazi alikuwa mtu wa ishara:
kidole juu, simama; kiganja chini, polepole.
Mashine zilipiga kelele kwa niaba yake
miaka kumi na minane.
Na kwao alikokulia maneno yalitolewa kama kodi,
kwa kuchelewa, na kwa kununa.

Sasa mgongo umemtoa kazini.
Tsira, mkewe, anaoka mikate ya watu usiku kucha, mchana analala,
na hapa ghorofa ya nne, mjini Chiatura,
amebaki yeye na Tekle, wa miezi saba,
wakitazamana kama wasafiri wawili
walioachwa na treni moja.

Muuguzi Nanuli alipima kichwa cha mtoto,
akatikisa kengele nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto.
Mtoto akageuka mara zote mbili.
"Masikio mazima. Je, yanalishwa?"
Malhazi akaonyesha chupa ya maziwa.
Nanuli akacheka hadi miwani ikamteleza.
"Sema naye, bwana. Chochote.
Kisha unyamaze, umngoje."

Chochote ni neno zito kwa asiyezoea.
Siku ya kwanza alimsomea bili ya umeme.
Siku ya pili, maandishi ya kopo la nyanya, na tarehe ya kuharibika.
Siku ya tatu akamshika mguu, akasema: soksi.
Soksi hii. Na ile? Iko wapi ile?
Ile ilikuwa chini ya kitanda,
na kuitafuta kukazaa sentensi sita,
nyingi kuliko alizosema siku ya harusi yake.

Kijiko. Kijiko kidogo. Kijiko kimeanguka, pa!
Uji wa moto, ngoja, tuupulize.
Dirishani kibanda cha chuma kinapita kwenye waya wake,
kinavuka bonde, mlima hadi mlima:
kinaenda, mwanangu, kinaenda,
kinaenda bado,
kimefika.

Na kila mara alinyamaza, kama alivyoagizwa.
Hapo ndipo palipokuwa pagumu.
Alihesabu kimoyomoyo, moja hadi kumi,
kwa aibu ya mtu aliyebisha hodi
kwenye nyumba isiyo na watu.
Jumanne moja, alipofika saba,
nyumba ikaitika:
"Bu."

Malhazi alitazama mlangoni kwanza.
Kisha, kwa adabu zote, akajibu: "Bu."
"Bu-bu," Tekle akapandisha bei.
Sisi tungesikia tusi; yeye alisikia salamu.
"Bu-bu-bu!"
Jirani wa chini akagonga bomba la maji kwa ufunguo.

Alfajiri moja Tsira alirudi na unga kwenye nyusi,
akasimama ukumbini, koti hajalivua.
Mumewe alikuwa akimweleza mtoto
jinsi ukungu unavyoondoka bondeni, unaanza wapi,
unabaki wapi kama shuka iliyosahauliwa kambani.
Yeye hakuwahi kuelezewa ukungu.
Alivua viatu taratibu, asimkatize.
Iliuma kidogo.
Alitaka iendelee.

Msomaji, kuna jambo moja la lugha yao:
huko "mama" ni baba.
Aliyekuzaa ni "deda". Usiniulize nani aligeuza.
Kwa hiyo Tekle, mwezi wa kumi na moja, uji kidevuni,
aliposema "mama", wazi, bila kukwama,
Tsira hakugeuka.
Akaacha kukata kitunguu, basi.

Malhazi alikuwa amepiga magoti na kitambaa,
anafuta uji sakafuni na kuutaja jina.
Neno likamkuta huko chini.
Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.
Miaka kumi na minane ya vumbi ikamkaa kooni.
Akainua kidole juu: simama.

Tekle akainua chake.
Akamtazama mdomoni,
akamngoja.