Namba Tatu za Bronka

Bronka, mhasibu wa kiwanda cha maziwa,
alinibandikia namba tatu chini ya dira, kwa penseli:
sabini na tano, tisini na tano, mia na ishirini na tano.
"Ya kwanza ni ya kukaa. Ya pili ya kufika.
Ya tatu ya kutoka mahali pabaya.
Kimo ni fedha. Usiniambie umebakiza ngapi;
niambie kila mita imekununulia nini."

Mwaka jana sikumwelewa.
Hewa ilizama, nami nikavuta usukani,
nikibana matumizi, mwenda pole hajikwai,
na pole yangu ikanilaza katika ile hewa
hadi nikatua kwenye viazi sukari vya bwana Wawrzyniec,
aliyeshuka kwenye trekta akauliza
kama nimeishiwa mafuta.
Ndege haina injini.

Leo, kilomita thelathini na nane kufika Ostrów,
upepo wa kaskazini usoni,
chini yangu mabwawa ya Milicz, baridi, bapa,
yanayonyonya anga.
Mshale unaanguka: mbili, mbili na nusu.
Mkono unataka kuvuta.
Tumbo linataka kuvuta.
Ninasukuma.
Pua inainama, kioo kinaanza kuimba,
mia na kumi, mia na ishirini na tano,
na ninaona mita zangu zikimwagika
kama mtu anayelipa deni lote kwa mkupuo
ili asilale tena nyumba hiyo.

Ng'ambo ya maji, shayiri iliyokwisha kuvunwa,
na korongo kumi na mmoja wakizunguka bila kupiga bawa.
Hawana mkanda wa karatasi.
Ninapunguza, sabini na tano, ninaingia chini yao,
bawa langu likielekeza shina moja la mpoplari,
na dunia inanipandisha polepole
kwa mkono uleule ulioninyang'anya.

Kisha nyumbani: tisini na tano,
ongeza nusu ya upepo, mia na tano,
usiguse kitu.

Nilivuka uzio na mita mia na hamsini.
Bronka alikuwa na daftari. "Hiyo ni chenji," alisema.
"Mzunguko mmoja ulizidi kule kwa korongo. Wa nini?"
"Nilikuwa nawatazama."
Akafikiri, akalamba ncha ya penseli,
akaandika: matumizi mengineyo.