Nodi ya Kumi na Moja

Ngazi thelathini na mbili kushuka chini ya ardhi.
Tartu, Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na mlangoni kibandiko: *Kung'uta theluji kwanza.*
Nilikung'uta. Nikakung'uta tena,
nipate kisingizio cha kuchelewa kuingia.

Ndani, joto la tanuri la mkate.
Kompyuta kumi na sita, mitumba ya ofisi ya kodi,
kwenye rafu za duka la viatu lililofilisika,
zimefungwa nira moja kwa kebo za buluu,
na juu yao, glavu za watu zikikauka.

Kaupo hakuinua uso.
"Unatoka wapi?"
Narva, nikasema.
"Ulikuwa unafanya nini?"
Kufuma. Miaka ishirini na sita kiwandani,
mpaka kiwanda kikafa na mimi nikabaki hai,
nikajifunza takwimu usiku, mezani kwa binti yangu.
Kiestonia changu kilichechemea; nilikisikia.
Akanisukumia kikaratasi cha nywila.
"Kazi zote hupitia foleni," akasema,
kama mtu asemavyo: chumvi iko pale.

Foleni yenyewe sikuiona.
Nilichoona ni mashine iliyonifungulia,
nikaimwagia mzigo wangu wote:
kina cha mto Emajõgi, asubuhi na jioni,
miaka hamsini ya mtu fulani
aliyeinama na kijiti cha kupimia.

Kumbe ile ni sebule.
Sebuleni hupikwi.
Dakika nne, na vioo saba vikaganda kama mto wenyewe.
"Nani amejaza mlango?"
Hakuna aliyeninyooshea kidole, na hilo ndilo lililoniuma.
Nikainua mkono.
Nikavaa koti.

Maarika akanishika mkono wa koti,
akanipeleka nyuma ya kabati la kebo.
Ukutani, kwa penseli, majina na tarehe:
Lembe, nusu saa. Taavi, saa sita.
Juu kabisa, kwa mwandiko wa kitoto:
*Kaupo. Siku mbili na usiku wake.*
Akanipa penseli.
Nikaandika Zinaida, kwa herufi za kwetu, kisha kwa za kwao.

Lakini jina ukutani si kiti.
Februari nzima nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa,
nikiuliza maswali madogo kwa sauti ndogo,
nikijibiwa, mara nyingine kwa pumzi ndefu kwanza,
nikiandika kila jibu daftarini nisije nikauliza mara mbili.
Mengine niliuliza mara tatu.

Halafu Jumanne moja nikaisikia.
Chini ya mvumo wa zote, uzi mmoja umelegea:
*trr*, kimya, *trr*.
"Ya kumi na moja inaumwa," nikasema.
Kaupo akatazama grafu. Kijani. Zote kijani.
"Mashine haisemi hivyo."
Mashine inasema, nikamjibu, wewe umeangalia tu.
(Sijui Kiestonia hicho kilinitoka wapi. Hakikuchechemea.)

Mitambo mia mbili ya kufuma ilinguruma juu ya kichwa changu
tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.
Msimamizi wetu alikuwa kiziwi nusu; sisi ndio tuliokuwa masikio.
Beringi ikianza kufa, huimba kwanza.

Akafungua ubavu wa ile mashine, kunifurahisha tu.
Feni ilikuwa imevaa vumbi kama sufu,
inayumba kwenye mhimili wake.
Akaizungusha kwa kidole. *Trr.*
Hakusema kitu.
Akaenda kutafuta bisibisi, akarudi na mbili.

Mgeni kaja; aliyepona ni nodi.

Siku hizi kumi na moja ndiyo baridi kuliko zote,
feni mpya, pumzi nyepesi,
kwa hiyo hakuna anayetaka kukaushia glavu pale.
Pale ndipo pangu.
Narudi nyumbani vidole vimelowa kidogo,
na bado nakaa kwenye ndoo.
Ila mtu ameiwekea mto.
Sijauliza ni nani.