Robo ya Bure

Robo mzunguko mkono unakwenda bure,
ndipo tairi la mbele linapokumbuka kuwa limeitwa.
Ndivyo baba alivyoliendesha trekta hili
lililowahi kuwa jekundu, hapa Kibaigwa,
akianza kona kabla ya kona.

Fundi Senyagwa kalala chini juu ya gunia la alizeti.
Anatikisa gurudumu: kacha, kacha.
"Bolijointi zimekwisha. Tundu la bushi limekuwa yai.
Na hii kingipini, dada,
imelika kama sabuni ya gesti."

Nyundo. Mafuta ya taa. Pini inagoma,
inatukanwa Kigogo, inatoka.
Bushi mpya zimechongwa mjini, zinaingia kwa kubembelezwa.
Grisi inafoka kwenye nipeli,
nyeusi kwanza, kisha ya njano.

Wingu la Desemba limesimama upande wa Kongwa.
Napanda, nashika, nageuza robo yangu ya bure,
trekta linaruka kushoto,
linang'oa minyaa ya mpaka wa Ndahani.

Fundi anafuta mikono, anacheka.
"Chuma kimepona. Bado wewe."

Mfuo wa kwanza umepinda kama saini ya baba.
Nimeuacha.
Jioni Ndahani atakuja kudai minyaa yake.