Jirani Yake ni Pafu

Mikono ya Kalunde haikuwa na mahali pa kuingilia.
Bani la tumbaku lilimwangukia kule Ilolangulu
alfajiri, akichochea kuni,
moto ukamvua ngozi toka kucha hadi kwapa
kama mtu anavyovua soksi zilizolowa.

Miguuni tulihangaika siku mbili.
Muuguzi Sikudhani, ambaye huupata mshipa
hata kwa kichanga wa kilo moja,
aliweka mpira wa kufungia chini, akasema,
"Daktari, nimeshindwa,"
neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Ukabaki ule usioonekana.
Hupita gizani chini ya mtulinga,
mnene kama kidole cha mwisho,
umeshikwa na nyama pande zote
hata damu ikipungua hausinyai.
Unautafuta kwa vipimo na kwa imani.
Daktari Kapama alitufundisha kwa ubeti
akigonga meza kwa kalamu:

    Mtulinga uupime,
    chini yake uiname,
    sindano isisimame:
    jirani yake ni pafu.

Tulicheka. Tulikuwa tisa, vijana, tumeshiba.

Nilimlaza kichwa chini,
taulo katikati ya mabega,
hewa isije ikafyonzwa ndani
ikaenda kuusimamisha moyo.
Nikapaka dawa ya kahawia. Ganzi.
Sindano ikagusa mfupa, ikateleza chini yake
ikielekea kishimo cha koo.
Mara ya kwanza, kavu.
Mara ya pili, damu nyekundu ya kung'aa, inarukaruka,
ya mshipa mwingine, wa ateri.
Nikachomoa, nikakandamiza, nikahesabu dakika kumi
huku garimoshi la Mpanda likipiga honi stesheni.
Hapo ningeacha.
Niliandike hili, maana ndilo lililonikalisha na kalamu:
hapo ningeacha, ningempigia mtu simu.
Mara ya tatu
Kalunde akakohoa.

Kikohozi kimoja, kidogo,
kama cha mgeni anayebisha hodi.
Kisha ikaja damu nyeusi, ya taratibu, tuliyoitaka.
Waya ukapita, mpira ukapita, maji yakashuka.
Macho ya Sikudhani yakatabasamu juu ya barakoa
nami nikashona uzi mweusi pale mlangoni
nikijua.

Nusu saa baadaye alikuwa akivuta pumzi kwa vipande.
Upande wa kulia nikasikiliza:
kimya cha nyumba iliyohamwa.
Eksirei ikatoka. Pafu limejikunja
kama leso mfukoni.
Nikakata baina ya mbavu, nikapitisha mrija
hadi kwenye chupa ya maji chini ya kitanda,
na hewa ikaanza kutoka, bwabwabwa, povu kwa povu.

Dada yake, Nyanzala, alikuwa kwenye benchi la nje
ameipakata chupa ya uji.
Maneno nilikuwa nayo: Hali imebadilika. Hutokea.
Kweli hutokea, hata kwa wanaojua.
Nikasema, "Nimemtoboa pafu. Ni mkono wangu."
Akautazama mkono. Si uso, mkono.
Kisha, "Na ule mpira wa kwanza, wa maji, unafanya kazi?"
"Unafanya."
"Basi usije ukauchomoa kwa aibu."

Siku ya nne povu likakoma.
Siku ya tisa homa; tukauchomoa
mpira ule ule uliomweka hai,
ncha yake tukaipeleka maabara.
Majibu hayajarudi.

Leo ni ya kumi na moja.
Amekunywa uji, vijiko sita,
akaomba kioo aone nilipopita.
Alama ni ndogo kuliko punje ya mtama.
Hawezi kuigusa, mikono bado imo ndani ya bandeji.
"Niguse wewe," akasema, "uniambie kama inauma."
Nikagusa.
Chini ya kidole changu jirani
alikuwa akipanda, akishuka.